Baba Mkwe Wangu Anapanda Ngazi kwa Gemu Tunazomwachia

Shikamoo Mama Kokuberwa. Mimi ni msomaji wako wa huku Muleba, mke wangu hunisomea ukurasa wako kwa sauti wakati mimi naosha vyombo (ndiyo, naosha, usinicheke), na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nami nitakuandikia, lakini leo naomba msaada wako na ninauomba upesi, kwa sababu Jumamosi ya wiki ijayo nitasimama upande mmoja wa wavu na baba mkwe wangu atasimama upande wa pili, na sijui nimtendee nini.

Najua utauliza tenisi na Muleba wapi na wapi, lakini ipo, tuna kiwanja chetu cha udongo mwekundu upande wa Rubya ambacho tunakisawazisha wenyewe kila mvua ikikatika, mistari ni ya chokaa, wavu umeshonwa na kushonwa tena na wavuvi wa visiwani kwa nyuzi za nyavu zao, na tunaocheza ni walimu, watu wa hospitali, wanunuzi wa kahawa, mchungaji mmoja wa Kilutheri mwenye mkono mzito, na mimi ninayeuza dawa za mifugo. Zamani tulikuwa tunacheza kwa furaha tu, anayeshinda anajisifu mpaka Jumapili na yanaishia hapo, lakini sasa tumeingia kwenye ligi ya ridhaa pamoja na klabu za Bukoba mjini na vijijini, na ligi ina ngazi, na hizo ngazi ndizo zilizonifikisha kwako.

Ngoja nikueleze ngazi zenyewe, maana bila kuzielewa hutaelewa kilio changu. Kila mchezaji wa ligi ana ngazi yake, kuanzia mbili kwa anayejifunza hadi tano kwa wale wachache wa mjini waliowahi kufundishwa na makocha, zikipanda kwa nusu nusu, ili mtu acheze na wa saizi yake asionewe wala asimwonee mwingine. Ngazi hazipigiwi kura na nahodha hazigawi, zinapigwa hesabu kwenye kompyuta na bwana mmoja wa Bukoba anaitwa Kyaruzi, ambaye kazi yake ni benki na hii ya ligi anaifanya kwa mapenzi. Kabla ya mechi kompyuta inaangalia ngazi yako na ya mwenzako, inakadiria kila mmoja atapata gemu ngapi, halafu matokeo yakiingia inalinganisha na makadirio yake. Mkiwa sawa inatarajia mkabane. Ukimzidi mwenzako kwa nusu ngazi inatarajia umfunge kama sita kwa mbili kila seti. Sasa mwenzako akipata gemu nne badala ya zile mbili, yeye anapanda kidogo na wewe unashuka kidogo, hata kama ni wewe uliyeshinda mechi, na hivyo vidogo vidogo hujumlishwa mechi hata mechi mpaka mtu avuke mpaka wa ngazi nyingine. Hapo ndipo tulipopotea, Mama, kwa sababu sisi tulidhani kinachohesabiwa ni nani kashinda na nani kashindwa, kumbe kila gemu inahesabiwa.

Na tulipotea kwa sababu ya desturi. Klabuni kwetu kuna jambo nililolikuta na nikalipenda, kwamba mzee harudi nyumbani na sifuri. Ukishaona mechi ni yako unalegeza mkono, unapiga mpira mmoja nje, unapiga mwingine kwenye wavu na kujifanya umejikasirikia, mzee anapata gemu zake tatu au nne, mnapeana mikono, anasema umenifunga lakini umetoka jasho, watu wanacheka, mnaenda kukaa pamoja kwenye benchi. Tunaziita gemu za mzee, na kijana mgeni asiyeziacha huambiwa pembeni kwamba hapa si kwao.

Baba mkwe wangu ni Mzee Kahangwa wa Kishanda, bwana shamba mstaafu, mtu aliyejifunza tenisi ujanani kwa mapadri na akaiacha alipoanza kusomesha watoto. Mama mkwe alipofariki, mzee alijifungia ndani. Kibanja chake, ambacho watu walikuwa wanakuja kukiangalia kama mfano, migomba ilianza kuangukiana na yeye hatoki hata kuitazama, chakula anarudisha, ukimwongelesha anakujibu ndiyo na hapana. Mke wangu Esther alikuwa anarudi kutoka kwao analia njia nzima. Mimi ndiye niliyemwendea siku moja nikamwambia baba, tumepungukiwa mtu mmoja kiwanjani, tusaidie, na kweli alikuja, raketi yake ya zamani mkononi, na tangu siku ile yule mzee akarudi kuwa mtu. Kibanja kimesafishwa, anakula, anatania wajukuu, na siku za mechi anaamka kabla ya jogoo.

Wote tulimwachia gemu zake, na kwa jinsi tulivyomhurumia tulimwachia kuliko wazee wengine. Kwa sababu tuko wachache, sisi wa ngazi ya nne tunaruhusiwa kukutana na wa tatu na nusu, basi kila mmoja wetu alimfunga sita kwa nne, sita kwa nne, mwingine akampa na tano kabisa, na kila matokeo yalipokwenda kwa Kyaruzi kompyuta iliona mtu wa chini anawakaba watu wa juu. Mzee amefungwa karibu mechi zote za msimu huu na bado anapanda. Kila mwezi ngazi zikitumwa kwenye kundi la WhatsApp ananipigia simu, anauliza umeziona, kisha anawapigia wanawe walioko Dar na kuwaambia kwamba ngazi inayoshuka ni ya mwili, ya raketi inapanda.

Sasa amebakiza kidogo sana avuke kuingia ngazi ya nne, na msimu ujao watu wa ngazi ya nne wanapangwa kwenye kundi moja na vijana wa Bukoba mjini, ambao hawamjui Mzee Kahangwa wala msiba wake, na wanaanzisha mpira kwa nguvu mpaka sisi wenyewe tunaruka pembeni. Mama, hilo tumeshaliona. Kuna Mzee Elikana wa Izimbya, klabu ya jirani zetu, naye alipandishwa hivyo hivyo, akaenda mjini amevaa vizuri, akafungwa sita kwa sifuri mara mbili na watu wakiwa kwenye viti wanatazama, na wapo waliocheka. Alipanda gari akarudi kwao na mpaka leo hajaonekana kiwanjani, wanasema raketi yake inafukuzia kuku. Na yeye mkewe yuko hai wa kumliwaza.

Nilimwendea Kyaruzi kwa siri, nikamweleza, nikamwomba amshushe mzee kimya kimya au aache kumhesabia baadhi ya mechi. Hakukasirika, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nahesabu mnachoniletea. Mkiniletea matokeo ya kweli, mzee atakaa anapostahili, na wala hakuna atakayemshusha kwa mkono." Akanionyesha kwamba mechi ya Jumamosi ndiyo ya mwisho ya msimu, nikimwachia mzee zile gemu zetu za kawaida atavuka, na nikicheza kama ninavyocheza na watu wengine atabaki tatu na nusu, labda ashuke kidogo.

Nikamwambia Esther. Hapo ndipo nyumba yangu ilipoingia baridi. Yeye anaona ile ngazi ndiyo iliyomtoa baba yake kaburini, anasema sisi wanaume hatukumwona mzee akikaa kitandani na kandambili za marehemu mapajani, na kwamba akishuka msimu huu atarudi kule kule. Zaidi ya hapo mzee ameshamtuma amnunulie kaptula nyeupe mjini, kwa sababu amesikia watu wa ngazi ya nne huvaa nyeupe, na Esther ameshainunua, iko kabatini kwetu imekunjwa. Aliniambia maneno ambayo hayajanitoka, "Ukimfunga Tata mbele za watu, mtu aliyekupa mimi, utaniangalia na macho gani?" Nami namwelewa, Mama, kwa sababu kwetu mkwe hata kiti huchagua cha chini mbele ya baba mkwe wake, sasa mimi nimpige mipira ya kumkimbiza kona hadi kona, watu wa Kishanda wote wakitazama?

Na kuna jambo moja zaidi linalonitia wasiwasi. Jumapili iliyopita tulikwenda kumsalimia, akatupa kahawa ya kutafuna, tukaongea habari za mvua, na nilipoinuka kuaga alinishika kiwiko akaniambia, "Mujuni, Jumamosi ile uje na mkono wako wote." Nilicheka nikasema sawa baba. Esther anasema ni majivuno tu ya mzee aliyepandishwa ngazi, hajui anachoomba, na kwamba nisithubutu kuyachukua maneno yake kama yalivyo.

Nikimwachia, namsukuma mwenyewe aende akafanyiwe kama Mzee Elikana. Nikimfunga, namvunja moyo kwa mkono wangu na ndoa yangu inapata ufa. Nimefikiria hata kujifanya mgonjwa siku hiyo, lakini nikikosa mechi anapewa ushindi wa bure na hapo ndipo anapanda bila shaka. Niambie nifanye nini, maana nimekonda na Jumamosi haisubiri.

Mkwe wa Kishanda, Muleba.

*

MAMA KOKUBERWA ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako imeruka foleni, na wale waliotangulia wanisamehe, wao shida zao ni waume na waume hawana tarehe ya mwisho wa msimu.

Kwanza tuelewane kuhusu ukurasa huu. Majina yote nimeyabadilisha kama ilivyo kawaida yangu, lakini tusidanganyane, Muleba ina wakwe wangapi wanaocheza tenisi na baba wakwe zao? Mkeo anausoma kwa sauti jikoni. Baba mkwe wako akiupata atajijua kabla chai haijapoa. Mtu mwenye siri ya namna hii akiiandikia gazeti, mimi hujiuliza kama hataki gazeti limsemee. Mwanangu, sitakusemea. Ndiyo maana nilikupigia simu nikakusomea jibu hili lote, na wewe ukaniahidi kwamba utafika Kishanda kabla ya gazeti. Nimekuamini. Wasomaji wengine, mnaposoma haya mjue kwamba mzee ameshasikia kwa mdomo wa mkwe wake, na kama hajasikia, basi huyo mkwe ana kazi kubwa kuliko tenisi.

Sasa nikupe haki yako. Wewe ni mkwe mwema. Wapo wanaume ambao baba mkwe akifiwa hupeleka sanda na mchele, wakirudi kwao wanahesabu wamemaliza. Wewe ulimwendea mtu aliyekata tamaa, ukamwambia tusaidie, tumepungukiwa mtu. Hukumwambia njoo tukusaidie, ulimwambia awasaidie. Niliposoma pale niliweka barua chini nikafuta miwani. Kwa hiyo hayo nitakayokugombeza, yapokee ukijua nakugombeza kama mwanangu.

Umekosea, na klabu yenu nzima imekosea. Kumwachia mzee gemu mbili siku mnacheza kwa kujifurahisha, huo ni utu, na sina ugomvi nao. Lakini mlipoingia kwenye ligi mkabeba upole ule ule mkaupeleka kwenye hesabu, mmetia jiwe kwenye gunia la kahawa kisha mnashangaa mizani inasema zito. Kyaruzi wa watu hana kosa. Kompyuta yake haioni mkono uliolegea wala haijui nani amefiwa, inaona sita kwa nne inaamini sita kwa nne. Na kabla hujafikiria kumrudia, nakuambia usimrudie. Mlimpandisha mzee bila kumwambia, sasa ulitaka na kumshusha bila kumwambia. Huyo ni mtu mzima jamani, si gunia la kusogezwa huku na kule na vijana mnaomtakia mema.

Heshima si utumwa, na tena heshima si huruma. Mnachanganya hivi viwili. Kukaa kiti cha chini mbele ya baba mkwe ni heshima, endelea kukaa. Lakini hapo unamwona yeye yuko juu yako. Unapopiga mpira kwenye wavu kwa makusudi ukajifanya umejikasirikia, hapo umemweka chini, umemfanya mtu wa kubebwa, na umemzuia hata asijue kwamba anabebwa.

Ingawa hilo la kutojua silikubali sana. Wewe na Esther mmesoma maneno yake, "uje na mkono wako wote," mkaona majivuno. Mimi nimeyasoma nikaona ombi. Mwenye majivuno angekuambia jiandae, nitakufunga. Huyu alikushika kiwiko, akangoja mpaka unaaga, akaomba. Mtu aliyeshika raketi tangu enzi za mapadri hajui mpira uliopigwa kwa mkono uliolegea? Bwana shamba aliyekuwa anatazama mgomba mmoja tu na kusema ugonjwa uliopo, haoni kwamba kijana wa ngazi ya nne anakosea mpira ule ule kila akifika gemu ya tano? Nadhani ameona, labda si yote, lakini ya kutosha kumtia shaka. Na mtu mwenye shaka ya namna hiyo hulala nayo peke yake, kwa sababu akiuliza atawaaibisha ninyi mliomfanyia wema. Amekuuliza kwa njia pekee aliyoipata, nawe ukacheka ukasema sawa baba.

Esther, binti yangu, najua mumeo atakufikishia haya kabla hujayasoma, kwa hiyo nawe njoo hapa karibu. Nakuelewa. Ukishamwona mzazi wako amekaa kitandani na kandambili za marehemu mapajani, hutaki chochote kimguse tena, hata upepo. Lakini umeipa ngazi sifa isiyo yake. Baba yako hakutolewa ndani na ngazi, siku ile mumeo alipomwendea hakuwa na ngazi yoyote. Alitolewa na mtu aliyekuja mlangoni kwake, na watu waliomngoja kiwanjani, na benchi la kukaa baada ya jasho. Vitu hivyo havishuki Kyaruzi akibonyeza kompyuta. Vitashuka siku atakapokwenda mjini akacheze na wasiomjua, akarudi na sifuri mbili, akagundua siku hiyo hiyo kwamba wote anaowapenda walikuwa wanajua na hakuna aliyemwambia. Mzee Elikana hakuumizwa na vijana wa mjini peke yao, nina hakika aliwaza pia habari za wale waliompigia makofi nyumbani. Swali lako kwa mumeo, utaniangalia na macho gani, lilikuwa swali zuri, lakini uliliuliza kwa jambo lisilo lenyewe. Muulize hivyo siku atakapomwacha baba yako apande lile gari la mjini bila kujua.

Basi, haya ndiyo mtakayofanya. Nendeni Kishanda wote wawili, mchana, watoto waacheni nyumbani. Usimwendee na nahodha wala na mchungaji mwenye mkono mzito, hilo ni la ukoo. Akikupa kahawa, tafuna, usimwage habari kabla hajauliza za nyumbani kwako. Kisha wewe Mujuni ndiye utakayesema, si Esther, kwa sababu mkono uliolegea ni wako. Mwambie kwa maneno mafupi: baba, kiwanjani kwetu tuna desturi ya kuwaachia wazee gemu, nami nimekuachia, wenzangu wamekuachia, tulidhani haidhuru kitu, kumbe kila gemu inahesabiwa na imekupandisha, nimekuja kukuambia mwenyewe na kukuomba radhi. Usimwambie ilikuwa kwa sababu ya msiba. Ataelewa mwenyewe, na kama anataka kulisema, aliseme yeye. Kisha nyamaza. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake, na hasira ni afadhali kuliko ndiyo na hapana. Akitoka nje akaenda kwenye migomba, msimfuate mpaka arudi.

Halafu mwachie uamuzi wa Jumamosi. Akisema hataki kucheza, usimbembeleze, tafuteni namna ya kupatana na ligi. Akisema anataka, nenda na mkono wako wote kama alivyokuomba, tangu mpira wa kwanza mpaka wa mwisho. Asije akakuona unalegeza hata mmoja, maana sasa anajua dalili, na mmoja tu utaharibu mazungumzo yote ya Kishanda. Ukimkimbiza kona hadi kona, mkimbize. Mkimaliza, nenda upande wake wa wavu wewe, usimngoje aje kwako, umshike mikono miwili kama inavyompasa baba mkwe, kisha mkae wote kwenye lile benchi, na Esther akae nanyi.

Ile kaptula mpeni. Sijaona sheria ya nchi hii inayokataza mtu wa tatu na nusu kuvaa nyeupe.

Klabuni nako ongea. Gemu za mzee zisife, ni desturi nzuri na mtaizeekea ninyi wenyewe, lakini ziwe za siku zisizohesabiwa. Wekeni siku moja ya katikati ya wiki ya kucheza bila kupeleka matokeo popote, mpeane mnachotaka kupeana, na wewe usikose hata moja. Hiyo ndiyo dawa ya baba mkwe wako, nayo haiuzwi kwenye duka lako la mifugo.

Na la mwisho, mwanangu. Umeniandikia barua ndefu kweli kweli, na katika yote hiyo hukujiuliza hata mara moja kama unaweza kushindwa. Una hakika kwamba ukicheza kweli utamfunga. Pengine. Lakini tangu alipotoka msibani hakuna aliyempigia mpira wa kweli hata mmoja, kwa hiyo ngazi yake halisi Kyaruzi haijui, wewe huijui, na yeye mwenyewe haijui. Msimu mzima amekuwa katikati ya watu wanaompenda, akicheza peke yake. Jumamosi nenda ukacheze naye.